Stesheni ya Kigoma kwa macho ya muuza dagaa

Nauza dagaa Tandika, na mara tatu sasa nimefuata mzigo Kigoma mwenyewe, kwa treni. Wenzangu wa sokoni hawaachi kuniuliza kule kukoje, basi naandika.

Reli ya kati inaanzia hapa Dar, karibu na zinakopakia boti za Zanzibar, na inaishia Ziwa Tanganyika, kilomita kama 1,250. Ni safari ya kulala njiani, mwenye haraka haimfai. Mimi haraka ilishanitia hasara. Niliwahi kuleta viroba vinne kwa basi, kampuni siitaji. Waliviweka buti moja na madumu ya mawese, dumu likavuja. Nilipofungua Tandika nikakuta dagaa wekundu, wamelowa, wanashikana kama uji. Nililia mbele ya wateja. Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa treni: mzigo unapimwa, nakatiwa risiti yangu, naujua uko behewa gani.

Sasa stesheni yenyewe. Ni jengo la Wajerumani, jeupe, la ghorofa, lenye matao, na reli ilifika hapo 1914. Liko chini kabisa mwa mji, barabara kuu inateremka kutoka mlimani kwenye miembe inakuja kuishia mlangoni pake. Ukitoka nje, ziwa hilo hapo. Ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kwa mwenye magunia kila hatua ni pesa. Reli haikomi kwenye jengo, inaendelea mpaka bandarini, pembeni ya meli. Hata Liemba, ile meli kongwe ya ziwani, ilikuja kwa njia hiyo. Ilitengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikashushwa bandari yetu ya Dar na kupakiwa kwenye treni. Ikaungwa upya Kigoma na kuingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasije wakanyang'anywa, Waingereza wakaiibua, na 1927 ikaanza tena kazi. Kila nikishuka pale natazama yale mataruma nikifikiria meli nzima imepita juu yake, ikitokea kwetu.

Wapagazi wa pale ni watu wa maana. Safari ya kwanza mzee mmoja alinipokea begi, akaniamkia "Mwakeye", kisha akaniuliza, "Mama, umefuata dagaa? Mbona umekuja na mbalamwezi?" Sikumwelewa. Akanikalisha chini ya mti akanieleza taratibu kama ananifunza mwanawe: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima limeng'aa, taa haiwavuti tena, wavuvi wanapumzika. Nilikaa siku nane nikila akiba yangu. Kwa hiyo ndugu zangu, kabla ya kukata tiketi tazameni mwezi. Ulizeni pia kama ziwa limefunguliwa, maana 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, samaki wazaliane.

Kununua, mimi naenda mwalo wa Kibirizi, si mbali na stesheni, bodaboda inakufikisha upesi. Fika asubuhi mitumbwi ikirudi, ujionee wanavyoanikwa. Usinunue kwa kutazama juu ya gunia. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, toa wa chini, mvunje mmoja kwa vidole. Aliyekauka vizuri anakatika kwa mlio, ndani mweupe, na mgongo unang'aa kama fedha. Akijikunja bila kukatika, mwache, atavunda kabla hujafika Dodoma. Shika wachache, wapulize: vumbi likiruka walianikwa mchangani, na mteja wa Dar akitafuna mchanga mara moja harudi.

Njiani beba chakula chako na maji ya kutosha. Tabora asali ni nzuri, mimi huchukua chupa mbili.

Mara ya mwisho nilileta magunia sita. Dada yangu alinipokea na guta, tukafungua la kwanza pale pale kwenye meza, nikaingiza mkono hadi chini, nikamvunja mmoja. Akakatika kwa mlio. Mteja wa kwanza alikuwa keshanyoosha bakuli.