Kulala ndani au nje ya Disney World, Orlando: uzoefu wangu wa pande zote mbili

Nimelala hoteli za ndani ya Disney World, eneo la burudani la Disney pale Florida, na nimelala za nje, kuanzia moteli za barabara ya 192 pale Kissimmee hadi nyumba za kupanga zenye bwawa. Mtu akiniuliza ipi bora, nami namuuliza mambo matatu: mko wangapi, mna gari, na mtakuwa Magic Kingdom, moja ya bustani za michezo za Disney, siku ngapi. Majibu hayo yanaamua karibu kila kitu. Bei inayotokea kwenye simu naiweka nyuma, kwa sababu haijakamilika.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanaumia. Chukua mfano wa hoteli ya nje ambayo chumba chake ni dola 100 kwa usiku. Juu yake kuna "resort fee", ada ya lazima ya hoteli, mara nyingi dola 30 hadi 40 na kitu (hadi Mei 2025 iliweza kujitokeza kwenye ukurasa wa kulipia tu; sasa sheria inataka iwe ndani ya bei inayotangazwa), na haikwepeki hata kama hutagusa bwawa lao. Tuweke 35. Kodi katika kaunti ya Osceola, ambamo Kissimmee imo, ni asilimia 13.5, nayo inakatwa kwenye bei ya chumba pamoja na ada hiyo. Umeshafika dola 153. Hoteli ikitoza maegesho dola 20 unakuwa 173. Halafu kila siku ya kwenda bustanini unalipia maegesho ya Disney, dola 30 au zaidi kwa gari dogo. Siku nne zikigawanywa kwa usiku tano ni dola 24. Jumla 197. Chumba cha Disney chenyewe, tuseme cha All-Star, hoteli yao ya bei ya chini, kwa dola 170, kwa kodi ileile kinatoka 193, kwa sababu hoteli za Disney hazina "resort fee", maegesho ya hotelini ni bure tangu Januari 2023, na mgeni wao halipi maegesho ya bustani. Cha dola 100 kimekuwa ghali kuliko cha dola 170.

Si hoteli zote za nje ziko hivyo. Zipo zisizo na ada yoyote, maegesho ni bure, na asubuhi wanaweka mayai, mkate na matunda bila malipo. Ya namna hiyo ikiwa dola 110, ukijumlisha kodi na maegesho ya bustani inafika 149 hivi. Kwa usiku tano umeokoa kama dola 220, na familia imekula asubuhi tano bila kununua. Kwa hiyo usilinganishe bei za ukurasa wa kwanza. Bonyeza hadi hatua ya mwisho kabla ya kuweka kadi, andika jumla kwenye karatasi, ongeza maegesho ya bustani, ndipo ugawanye kwa idadi ya usiku.

Sasa muda, na hapa lazima uelewe ramani. Disney World ni eneo la karibu kilomita za mraba 100 lenye bustani nne kubwa: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Tatu kati ya hizo, ukija na gari unaegesha mbele ya geti na unaingia. Magic Kingdom peke yake haiko hivyo. Unaegesha ng'ambo, kwenye kituo kinachoitwa Transportation and Ticket Center, unapita ukaguzi wa mabegi, kisha unapanda treni ya monoreli au kivuko kuvuka maji hadi getini. Aliyezoea kusubiri kivuko Kigamboni au Likoni anaujua utaratibu huu. Tenga saa nzima tangu gari liingie maegeshoni hadi uguse tiketi. Mgeni wa hoteli ya ndani anapanda basi la Disney linalomshusha mlangoni kabisa. Usiku hali ni ileile ila imegeuka: fataki zikiisha watu wote wanarudi kwa pamoja, nawe una mtoto amelala begani.

Ndiyo maana nauliza siku za Magic Kingdom. Familia yenye watoto wa miaka 3 hadi 7 hukaa huko siku mbili au tatu, na kwao kulala ndani kuna thamani kubwa. Vijana wanaokwenda zaidi Hollywood Studios na EPCOT, na wana gari, hawapotezi muda mwingi kwa kulala nje.

Usafiri wa ndani wenyewe una tofauti ambazo picha za tangazo hazionyeshi. Kwenye mabasi huenda ukatakiwa kukunja kigari cha mtoto kabla ya kupanda. Picha yake ni hii: saa tano usiku, mtoto mmoja amelala ndani ya kigari, wa pili anashika suruali yako, na wewe unatoa chupa, kofia, jezi iliyoloa na mfuko wa vitafunwa chini ya kiti ili kigari kikubali kukunjika, huku foleni inasogea nyuma yako. Skyliner haina usumbufu huo. Ni vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo, unasukuma kigari moja kwa moja ndani mtoto akiwa amelala. Kebo hiyo, iliyoanza Septemba 2019, inaunganisha hoteli za Pop Century, Art of Animation, Caribbean Beach na Riviera na bustani za Hollywood Studios na EPCOT. Kwa mwenye mtoto wa kigari, kati ya hoteli za bei ya chini naichagua Pop Century kabla ya All-Star, hata ikizidi kwa dola 20 au 30, kwa sababu All-Star zote tatu zina mabasi tu. Kasoro ya Skyliner ni radi. Ikikaribia wanaisimamisha, na kiangazi Florida hunyesha mvua ya radi karibu kila alasiri. Ikisimama, tafuta basi mapema kabla umati haujahamia huko.

Mabasi ya bure ya hoteli za nje, hapana. Nayasema kwa uzito kwa sababu ndiyo maneno yanayowavuta watu wasio na gari. Mengi yana safari chache kwa siku, lazima uandike jina siku moja kabla, yanazunguka hoteli mbili tatu kabla ya kuondoka, na mara nyingi yanashusha kila mtu pale Transportation and Ticket Center hata kama unakwenda Animal Kingdom. Ukikosa la kurudi unalipa teksi ya programu, na teksi hiyo kwa kawaida haina kiti cha mtoto. Kabla ya kulipa hoteli ya aina hii, piga simu mapokezi uulize: basi la kwanza ni saa ngapi, la mwisho kurudi ni saa ngapi, linashusha wapi, nafasi ni ngapi. Wakisita kujibu moja kati ya hayo manne, jihesabu kuwa huna usafiri. Kumbuka pia kwamba basi la Disney la bure kutoka uwanja wa ndege lilikoma Januari 2022, hivyo hata mgeni wa ndani anajilipia safari hiyo.

Faida mbili za kulala ndani zinahusu foleni. Ya kwanza ni kuingia nusu saa kabla ya wengine, kila siku, katika bustani yoyote kati ya nne. Nusu saa hiyo ina maana ukiwa tayari umesimama getini kabla haijaanza. Ukifika dakika kumi baada ya kufunguliwa umeshapoteza ulicholipia. Magic Kingdom hawafungui kila upande wakati huo. Ni Fantasyland na Tomorrowland, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye mchezo wa Seven Dwarfs Mine Train, usizunguke. Faida ya pili ni Lightning Lane, njia ya kulipia inayopunguza foleni. Mgeni wa ndani anaichagua siku 7 kabla ya kufika, kwa safari yake yote hadi siku 14. Aliye nje anachagua siku 3 kabla ya kila siku ya bustani. Zote hufunguka saa moja asubuhi ya Florida, ambayo kwa walioko Texas ni saa kumi na mbili. Tofauti inaonekana kwenye michezo inayogombewa, hasa Slinky Dog Dash pale Hollywood Studios: wakati wa msimu wenye watu wengi, kufikia siku ya tatu saa nzuri zimekwisha.

Zipo hoteli chache zisizo za Disney zinazopewa nusu saa hiyo, zikiwemo za eneo la Disney Springs, Swan na Dolphin, na Shades of Green, ambayo ni ya wanajeshi wa Marekani na wastaafu wao. Kama kuna mwanajeshi katika familia, anzia huko.

Upande wa nje unashinda wazi kwenye idadi ya watu na jiko. Chumba cha kawaida cha hoteli za bei ya chini za Disney kinachukua watu wanne, na zaidi yao mtoto mmoja aliye chini ya miaka 3. Kitanda cha pili kinakunjuliwa kutoka ukutani na mchana kinakuwa meza, kwa hiyo mchana hakuna pa kumlaza mtoto isipokuwa kitanda kimoja. Kuna friji ndogo. Maikrowevu haimo chumbani, ipo kwenye ukumbi wa chakula. Familia ya watu wanane, baba, mama, watoto na bibi aliyekuja kutembea, inahitaji vyumba viwili, yaani kwa mfano wetu dola 386 kwa usiku. Nyumba ya vyumba vinne nje ya Disney, maeneo ya Davenport au ChampionsGate, ikiwa dola 220 kwa usiku, pamoja na usafi dola 150 na ada ya tovuti dola 150 kwa safari nzima, ukiweka kodi unapata kama dola 318 kwa kila usiku ukilala usiku tano. Ada ya usafi haibadiliki hata ukilala usiku miwili, hivyo nyumba hailipi kwa safari fupi. Desemba hadi Februari maji ya bwawa ni baridi, na kuyapasha moto kunalipiwa kando kwa siku. Uliza kabla hujawaahidi watoto.

Ukiwa na jiko unapika wali na maharage jioni, asubuhi unafunga sambusa na chapati kwenye karatasi ya jikoni, na unaingia nazo bustanini bila tatizo. Disney wanaruhusu chakula cha nyumbani. Wanachokataa ni vyombo vya kioo, pombe na barafu iliyolegea. Deli lako lisizidi inchi 24 kwa 15 kwa 18, na utumie vibonge vya baridi vinavyogandishwa. Maji usibebe mengi. Vibanda vya chakula vinavyouza vinywaji vya bomba vinatoa kikombe cha maji ya barafu bure ukiomba. Kwa watu wanane kwa siku nne, chakula ndicho kinachoamua hesabu kuliko chumba. Ila usitarajie kurudi kupumzika mchana: barabara ya I-4 ikisimama, safari ya dakika 25 inakuwa saa nzima. Ukipima umbali kwenye ramani, usiandike "Disney World". Andika Transportation and Ticket Center, na uchague kuondoka saa mbili asubuhi.

Msomaji wa Kiswahili atavutiwa na Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa 2001. Majengo yake yanaitwa Jambo House na Kidani Village, migahawa ni Boma, Jiko na Sanaa, na twiga na punda milia wanapita chini ya roshani. Kwa watoto waliozaliwa Marekani wakiiona lugha ya nyumbani kwao imeandikwa ukutani, ni jambo zuri sana na nalitetea. Lakini ni hoteli ya daraja la juu, bei yake ni mara mbili au tatu ya Pop Century, iko mbali na bustani tatu kati ya nne, na inategemea mabasi tu. Vyumba vyake vya bei nafuu zaidi haviangalii wanyama. Ukitaka kuwaona, lazima aina ya chumba iandikwe "savanna". Ninachopendekeza ni kulala kwingine, kuweka nafasi Boma jioni moja, na kufika saa mbili kabla jua halijazama. Sehemu ya kutazama wanyama nyuma ya Jambo House iko wazi hata kwa asiyelala hapo.

Kwenye kuweka nafasi, nunua chumba peke yake kama tarehe zako zinaweza kubadilika: unalipa usiku mmoja mwanzoni, na unarudishiwa ukighairi siku 5 kabla, au 6 kama uliweka mtandaoni. Kifurushi cha chumba pamoja na tiketi kinahitaji siku 30. Ukighairi siku 2 hadi 29 kabla, wanakata dola 200. Ukinunua kupitia tovuti nyingine, dai namba ya uthibitisho ya Disney yenyewe na uiingize kwenye programu yao ya simu mapema, kwa sababu bila namba hiyo zile siku 7 za Lightning Lane hazifunguki. Jaribu kuiingiza siku ileile unayolipa. Ikikataa, bado una muda wa kuwapigia simu.