Turbo kwa injini ndogo ya zamani: tazama oili inatokea wapi kabla hujauliza bei

Wasomaji wenye Corolla KE70, Datsun 1200 na Mini wanalalamika jambo moja. Turbo, kile kipampu cha hewa kinachozungushwa na moshi wa eksozi, imefungwa, gari limevuta vizuri wiki mbili, kisha moshi wa buluu. Fundi anasema sili zimekufa. Mwenye gari anarudi Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar es Salaam, ananunua turbo nyingine, na moshi unarudi palepale. Wengi wao hawakuhitaji turbo ya pili. Walihitaji bomba zuri la kurudishia oili.

Nguvu za farasi hazitanichukua muda. Kwa 4K, injini ya Corolla hiyo, yenye kabureta na mgandamizo wa 9 kwa 1 hivi, ishia presha ya turbo ya 0.4 bar. MG ya Uingereza ilipotia turbo kwenye Metro ya cc 1275 mwaka 1982, iliishia karibu 0.5 bar, ikatoka farasi 72 hadi 93. Nao walikuwa kiwanda. Anayekuahidi nguvu mara mbili kwa pistoni zilezile anakuandalia gasketi ya hedi iliyoungua.

Turudi kwenye oili. Inaingia kwenye turbo kwa presha ya pampu, lakini inatoka kwa uzito wake tu. Na kile mafundi wanachoita sili si mpira, ni pete ya chuma mfano wa ringi ndogo ya pistoni. Pete hiyo haiwezi kuzuia oili iliyojaa. Oili ikikosa pa kwenda hupita upande wa eksozi, ikaungua, nawe ukaona moshi.

Kwa hiyo bomba la kuingizia likiwa na tundu la milimita 4 au 5, la kutolea liwe na milimita 16 kwenda juu. Tundu la kutokea litazame chini. Likiinama zaidi ya digrii 35 ni matatizo. Bomba literemke moja kwa moja, lisitengeneze tumbo mahali popote, na liingie kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili, si chini yake. Pima kwa kijiti cha oili, gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka, kabla hujamwita wa kuchomelea. Usitumie mpira wa rejeta: oili ya moto huuvimbisha kwa ndani hadi njia inaziba, huku nje ukionekana mzima. Wala usipake silikoni kwenye gasketi ya bomba hili, maana inayobanwa kwenda ndani ndiyo inayoziba tundu.

Kosa jingine liko kwenye mpira unaotoka kava la valvu kwenda manifoldi ya kuingizia hewa. Turbo ikisukuma, presha inarudi kwa mpira huo hadi ndani ya injini, na oili ya turbo haishuki tena. Weka valvu ya njia moja hapo, na mpira wa pili, mpana, uende kwenye njia ya hewa kabla ya turbo. Kabla ya kununua turbo nyingine, washa injini ipate moto, iache ikizunguka polepole, kisha fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukipungua, turbo yako yaelekea ni nzima. Hewa chafu ya ndani ya injini ndiyo iliyokosa pa kutokea.

Sasa turbo ipi ununue? Nafasi ya kwanza naipa CT9 ya Toyota, na sifichi kwamba ninaipendelea. Ilitengenezwa kwa 4E-FTE ya cc 1331, injini ya Starlet GT (EP82) na Glanza V (EP91), kwa hiyo inaenea kwenye injini yako bila kubahatisha. Inaanza kusukuma mapema, na inapozwa kwa maji pia, jambo kubwa kwa gari linalotoka foleni ya Ubungo na kuzimwa papo hapo likiwa la moto. Inunue pamoja na bomba lake la oili.

Ya pili ni TD04L ya Mitsubishi, ile ya Subaru Forester. Mjini hapa Forester ni nyingi, hivyo haikusumbui kuipata. Kwa 4K ni kubwa kidogo, inachelewa. Kwa 5K ya cc 1486 inakaa vizuri. Lakini haikupangwa kwa manifoldi yako ya eksozi: ukiifunga kama ilivyotoka kwenye Subaru, tundu la oili linaweza kutazama ubavuni. Legeza kava zote mbili za turbo, zungusha kiini (sehemu ya kati yenye shafti) hadi tundu litazame chini, ndipo ukaze.

Turbo za magari ya cc 660 zinakaba eksozi mizunguko ikipanda. Za dizeli, kama CT20 ya Hilux, ni kubwa mno. Za bei ya chini zenye boksi jipya lisilo na jina, ziache.

Kabureta ikae baada ya turbo. Ikikaa kabla, ukiachia pedeli turbo inavuta mahali palipofungwa, na mvuto huo unanyonya oili kupita pete ileile. Chemba ya boya ya kabureta ipate presha sawa na ya hewa inayoingia, na pampu ya umeme isukume petroli kwa 0.2 hadi 0.3 bar juu yake. Taimingi ya cheche irudishe nyuma digrii 1 kwa kila psi moja (karibu 0.07 bar) ya presha ya turbo.

Sasa wauzaji. Turbo inaoshwa kwa petroli, inapuliziwa rangi ya fedha, na unaambiwa imetoka Japani juzi. Rangi haipimi shafti. Ishike kwa vidole: kucheza kidogo juu na chini ni kawaida, kwenda mbele na nyuma kunakosikika mkononi ni kuiacha. Linaloniudhi zaidi ni bomba la oili kukatwa kwa msumeno wakati wa kushusha injini, kisha kipande chake kuuzwa peke yake duka la jirani kama spea nyingine. Mteja analipa mara mbili kwa kitu kilichokuja nchini kikiwa kizima. Dai bomba na bolti zake mbili kabla ya kutoa pesa. Wakikosa, punguza bei kwa gharama ya kuchongesha jipya.