Fundi umeme wa Pasua aliyenifungia taa za kazi kwenye Kubota, hela yangu imeenda panapostahili

Wadau wenye trekta ndogo huku Moshi na Arusha, hasa sisi wa majaruba ya mpunga, hii ni yenu. Msimu huu nimepata hasara kwa sababu ya waya tu, halafu nikapata fundi aliyenitoa kwenye shida, na nataka nieleze alichofanya kwa kirefu ili ukienda kwa fundi yeyote ujue cha kuuliza.

Trekta yenyewe ni Kubota ndogo iliyotumika, zile zinazotoka Japani na maandishi ya kwao bado yapo kwenye dashibodi, silinda tatu, betri moja ya volti 12, haina kibanda wala nini. Nalima Mabogini ndani ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, hii iliyokamilika 1987 kwa hela za Wajapani, maji yetu yanatoka Njoro na Rau, na anayeijua skimu anajua kilio chetu, huko juu watu wamefungua mashamba mengi kwa hiyo maji yanakuja kwa zamu na zamu haichagui mchana. Ukipangiwa usiku ni usiku, unachavanga (kuvuruga udongo na maji mpaka liwe tope la kupandia) usiku huohuo, ukilala maji yamekwenda kwa mwenzio. Sasa Kubota hii ina taa mbili ndogo za mbele za kuendea njiani, nyuma kwenye rotaveta, ile mashine ya visu ya kuchavangia, ambako ndo kazi ilipo ni giza totoro. Dereva wangu ni mtoto wa kaka yangu, alikuwa anafunga tochi kichwani anageuka nyuma kila baada ya hatua mbili usiku kucha, asubuhi shingo haigeuki.

Fundi wa kwanza simtaji na gereji yake siitaji. Alinifungia taa nne za halojeni za wati 55, mbili mbele mbili nyuma, alimaliza kwa saa mbili tu, zikawaka mpaka majirani wakaja kuangalia, nikamlipa nikamshukuru. Usiku wa pili wa kuchavanga kijana alianza saa mbili, ilivofika saa sita simu ikaita, "Shangazi, taa zinakuwa nyekundu, zinafifia." Nikamwambia usizime injini. Alikuwa keshazima ili aangalie. Haikuwaka tena, hata kuguna haikuguna, trekta ikalala katikati ya jaruba na maji ya zamu yetu yakapita mbele ya macho yake. Asubuhi tulipofungua dashibodi tukakuta swichi ya ufunguo imelainika upande mmoja, plastiki imekunjamana na inanuka, maana taa zote nne zilikuwa zinavuta umeme kupitia swichi hiyohiyo. Na fyuzi ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, yaani hata waya ukizidiwa umeme haukatiki. Ile karatasi nimeitunza mpaka leo. Ingeshika moto pale chini ya tenki la dizeli na mtoto wa watu amekaa juu yake, mi ningemwambia nini kaka yangu?

Basi jirani wa Chekereni akanielekeza huyu wa Pasua, fundi umeme wa magari lakini matrekta anayafahamu vizuri. Alikuja nyumbani kwa bodaboda na boksi lake la vifaa na mita ya kupimia, na kilichonishangaza kwanza hakugusa waya hata mmoja. Alikaa kwenye ndoo akauliza, mama, usiku mnaanza saa ngapi mnamaliza saa ngapi, taa zipi mnawasha kwa pamoja, na mnachaji simu humohumo au hapana. Halafu akaweka betri ya kuazima, akawasha injini, akapima dainamo, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, inatoa kiasi gani. Ya kwangu inatoa ampea 14 injini ikizunguka vizuri, ukishusha mzunguko hazifiki.

Akachukua chaki akaandika kwenye madigadi, 55 mara 4 ni 220, gawanya kwa 12 ni ampea 18. Akaongeza taa za njiani, nazo zinakula kama 6, jumla 24. Dainamo inaleta 14. Akaniuliza hizo 10 zinatoka wapi? Nikasema kwenye betri. Akageuza betri akanionyesha imeandikwa 45Ah, yaani ukiinyonya ampea 10 mfululizo inakwenda saa nne na nusu tu hata kama ni mpya kabisa. Nikasimama pale naiangalia ile chaki, maana toka saa mbili mpaka saa sita ndo saa nne zenyewe, ni saa ileile kijana alinipigia simu. Ilikuwa hesabu ya dakika tano na ningeambiwa kabla zamu yangu isingepotea.

Nikamwambia basi tutafute altaneta kubwa ya kuzalisha umeme badala ya dainamo, nilikuwa tayari nishajipanga kwa laki tatu na zaidi. Akakataa. Akasema usinunue altaneta, badilisha taa. LED nne za wati 18 zinakula ampea 6 zote kwa pamoja. Kwa kweli hapo ndo nilimwamini, kwa sababu angeweza kuniuzia kitu kikubwa nikakubali na yeye akapata cha juu.

Kuhusu taa za LED nina neno. Dukani mjini nilionyeshwa boksi limeandikwa wati 120, bei juu, fundi akaomba ijaribiwe kwenye betri palepale, ikasoma ampea moja na nusu, sasa hiyo ni wati 18 na kidogo, hakuna wati 120 hapo. Kwa hiyo usinunue maandishi ya boksi, nenda na mtu mwenye mita. Na angalia kama imeandikwa IP67, maana kwenye jaruba taa ya nyuma inarushiwa tope usiku mzima, namba hiyo maana yake vumbi haliingii na hata ikizama kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa inatakiwa ihimili.

Kazi yenyewe sasa. Alivua waya zote za yule wa kwanza, akazitupa kwenye kiroba. Kabla hajazivua alinionyesha kitu, akawasha taa moja ya nyuma injini imezimwa, akapima kwenye betri ikasoma 12.4, akapima kwenye taa ikasoma 10.9. Volti moja na nusu imeliwa njiani na waya mwembamba kama wa spika. Akavuta waya mnene wa milimita 6 kutoka betri, na fyuzi ya ampea 30, ile ya kijani, akaifunga shibiri moja tu kutoka kwenye betri, akasema ikikaa mbali, kile kipande cha kabla ya fyuzi kikichubuka kikagusa bodi hakuna cha kukizima. Nikauliza mbona fyuzi za taa ameweka ndogo, za 5, akajibu fyuzi inalinda waya, hailindi taa. Waya huo mnene unaingia kwenye kiboksi cha fyuzi cha nafasi sita, ametumia nne, taa za kazi za mbele, za nyuma, kimulimuli cha rangi ya chungwa, na tundu la kuchajia simu. Mbili ameziacha kwa makusudi.

Taa zinapita kwenye relei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, kwa hiyo ile swichi ya dashibodi inabeba umeme kiduchu wa kuamsha relei tu na ule mwingi unatoka betri moja kwa moja. Alimwonyesha kijana namba zilizoandikwa chini ya relei, 30 ni ya kutoka betri, 87 inakwenda kwenye taa, 85 na 86 ndo za kuamshia, akamwambia hata ukiwa shambani ukashika relei, ukawasha swichi na haijagonga tak, jua shida iko kwenye swichi na waya zake au relei yenyewe, na wala usiguse taa. Halafu kuna relei ya pili ya miguu mitano, ukiwasha taa za kazi inakata zile za njiani zenyewe. Kwa hiyo usiku wa kazi tunakula ampea 8 hivi na dainamo inabaki na nafasi ya kurudisha betri. Na ukitoa ufunguo kila kitu kinazima, hata kijana akisahau swichi.

Maungio ndo nimeyapenda kuliko vyote. Hakuna kusokota na kupaka selotepu. Kila ungio limebanwa kwa koleo lake maalumu, limevikwa mpira unaojikaza ukipashwa moto, na kila alipomaliza moja alinipa nivute. Nilivuta kwa mikono miwili, halikutoka hata moja. Waya wa negativu hakuugandamiza kwenye rangi, alikwangua bodi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza bolti, akapaka grisi. Waya zote ziko ndani ya bomba la plastiki la mikunjo, mbali na ekzosi, na penye usukani na kule rotaveta inakopanda na kushuka ameacha waya umelegea kidogo usije ukavutika. Alipomaliza akapima tena, injini inazunguka, betri 13.8, taa ya nyuma 13.5.

Gharama kwa anayetaka kujua. Taa nne laki moja, kimulimuli 35,000, relei mbili 14,000, kiboksi cha fyuzi 22,000, swichi tatu 15,000, tundu la simu 15,000, waya na mabomba na vikorokoro vingine 48,000. Vifaa jumla 249,000, vyote nimenunua mwenyewe kwa karatasi aliyoniandikia, na ufundi 120,000. Yaani 369,000. Yule wa kwanza alinichaji 180,000 na bado nimenunua swichi mpya ya ufunguo, na zamu ya maji haina bei.

Ambayo sikuyapenda yapo. Aliahidi siku moja ikawa mbili, na siku ya pili tulimsubiri toka asubuhi akafika saa tano bila kupiga simu. Tundu la simu aliliweka linatazama juu, wiki ya kwanza tu likajaa tope, nilipompigia alikuja akalihamishia chini ya kiti bure, ila kwa kweli lilitakiwa likae hapo toka mwanzo. Maandishi ya swichi aliandika kwa makapeni, wiki tatu yamefutika, nimeweka alama kwa rangi ya kucha. Na risiti ya ufundi hatoi, ana daftari tu, mi nilipiga picha ule ukurasa.

Toka afunge tumeshafanya usiku kumi na moja. Asubuhi naipima betri mwenyewe kwa kimita cha elfu kumi na tano, inasoma 12.6 au 12.5. Kijana anasema sasa anauona mstari wa rotaveta na kona za jaruba, haachi vipande, na shingo imepona.

Zile nafasi mbili alizoziacha ni za tela, maana tunapeleka mpunga mashineni jioni na kwenye lami ya kuelekea mjini magari yanakuja kasi nyuma na tela halina hata taa moja. Anakuja Jumamosi kufunga plagi ya pini saba, taa za nyuma na indiketa, nimeshampa advansi ya elfu thelathini na nimemwambia safari hii akichelewa apige simu.