Kipimo cha Kuridhika na Maisha: kauli tano zinazofaa, ukijua lini uzijibu

Anayetaka kujua tukio kama ndoa, talaka, msiba au kupoteza kazi limemgusa kiasi gani hukutana mara nyingi na hojaji mbili za bure: orodha ya matukio ya madaktari wa akili Holmes na Rahe ya mwaka 1967, na Kipimo cha Kuridhika na Maisha cha mwanasaikolojia Ed Diener na wenzake, kilichochapishwa 1985. Kwa kazi hii, chukua ya pili.

Ya Holmes na Rahe si mbaya, ila haipimi kuridhika. Ina matukio 43, kila moja na uzito wake: kufiwa na mwenzi 100, talaka 73, ndoa 50, kufukuzwa kazi 47. Ilitengenezwa kukadiria hatari ya kuugua mtu anapopatwa na mabadiliko mengi kwa mpigo, ndiyo maana bwana harusi mwenye furaha tele anapata alama nyingi kuliko aliyefukuzwa kazi jana. Tena uzito ni uleule kwa kila mtu. Talaka ya aliyekuwa akipigwa na talaka ya aliyeachwa ghafla, zote ni 73.

Kipimo cha Diener hakiulizi yaliyokupata. Kinakuachia wewe mwenyewe uyapime maisha yako. Kauli ni tano, na kila moja unaijibu kwa namba, kuanzia 1 ukiikataa kabisa hadi 7 ukiikubali kabisa. Jumla huangukia kati ya 5 na 35. Katikati ni 20. 31 kwenda juu ni kuridhika sana, 9 kushuka ni kutoridhika kabisa. Dakika mbili zinatosha.

Usihifadhi jumla peke yake. Kauli tatu za kwanza zinahusu maisha yalivyo sasa. Ya nne inauliza kama umeshapata mambo muhimu uliyoyataka, na ya tano kama usingebadilisha karibu lolote ukipewa kuishi upya. Hizo mbili zinatazama nyuma na hazisogei upesi. Mtu aliyekuwa na 6, 6, 6, 6, 5 (jumla 29) anaweza, baada ya kupoteza kazi, kuandika 3, 2, 3, 6, 5. Jumla ya 19 inaonyesha yuko chini kidogo tu ya katikati, kumbe maisha yake ya sasa yameporomoka kabisa. Andika namba zote tano, pamoja na tarehe.

Wengi hukosea kwenye muda. Utafiti wa kaya wa Ujerumani, unaowarudia watu walewale kila mwaka tangu 1984, umeonyesha kwamba kuridhika huanza kupanda kabla ya ndoa, kisha kwa wastani hurudi karibu na pale kulipokuwa ndani ya miaka michache. Kwa wajane hushuka sana na kupanda polepole, kwa miaka mingi. Waliopoteza kazi, kwa wastani, hawarudi kikamilifu mahali pao hata wakiajiriwa tena. Huo ni wastani tu: ndani yake wapo wanaopanda wakabaki juu, na wapo wasioinuka.

Kwa hiyo kipimo cha kuanzia kikichukuliwa wiki ya harusi ni cha uongo, na miaka miwili baadaye kitakufanya udhani ndoa imekuharibia maisha. Kichukue wakati hakuna jambo kubwa linalosubiriwa. Tukio likishapita, tunashauri urudie miezi 3, 6 na 12, kisha mara moja kwa mwaka. Tumia tafsiri ileile kila mara, usijibu mara tu baada ya ugomvi au habari njema, na usifungue majibu ya zamani kabla hujamaliza mapya, la sivyo utajikuta unayanakili. Tofauti ya alama moja au mbili usiihesabu. Hutokea hata pasipo tukio lolote.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba hakitofautishi majonzi ya msiba na sonona. Mfiwa anaweza kupata 8 kwa sababu yoyote kati ya hizo mbili. Akiwa hapati usingizi, hawezi kula, au anawaza kujiua, asisubiri tarehe ya kipimo kinachofuata. Amwone mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo.