Mtoto wa Jack Russell: kwa mfugaji au kando ya barabara?

Nairobi, kumnunua mtoto wa Jack Russell, aina ya mbwa mdogo, kando ya barabara ni jambo la dakika tano. Unapunguza mwendo, kijana anainua kitoto cha mbwa hadi dirishani, mnapatana bei, unaondoka naye. Kwa mfugaji makini utasubiri, pengine miezi, na utahojiwa: una ua? Nani hushinda nyumbani? Mimi maswali hayo hunipa imani.

Tofauti kubwa ni mama. Kwa mfugaji unamkuta akinyonyesha, unaona tabia yake, na mtoto haondoki kabla ya wiki 8. Barabarani humwoni mama, na umri ni wa kuambiwa tu. Nilimshika mmoja wa hivyo: tumbo limevimba kwa minyoo, mbavu zinahesabika, kinyesi kimegandia mkiani. Siku chache baadaye parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ilimuua. Niliumia sana.

Kuna pia maradhi ya kurithi. Jack Russell anaweza kupatwa na lenzi ya jicho kuteguka, akapofuka akishakuwa mbwa mzima, wakati muuzaji alishasahaulika. Kipimo cha vinasaba kipo, kwa hiyo mwombe mfugaji majibu ya wazazi wote wawili. Karatasi za East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa, zinaonyesha ukoo. Afya ni jambo jingine.

Bei? Barabarani ni nafuu, ila chanjo, dawa za minyoo na daktari vyote vinakusubiri wewe. Mfugaji mzuri hukukabidhi kadi ya chanjo iliyokwisha kuanza kujazwa, na ukishindwa kumlea atampokea tena.