Tathmini ya Toleo la 17 la Data za APOGEE kwa Wanaochunguza Mafungunyota

Anayetaka kujua nyota za fungunyota fulani (kundi la nyota zilizozaliwa pamoja) zilitokana na gesi ya namna gani hatakosa msaada katika toleo la 17 la data za APOGEE (mradi unaopima kemia ya nyota), lililotolewa bila malipo Desemba 2021. Toleo hilo lina vipimo vya nyota zaidi ya 650,000, vilivyokusanywa kwa darubini mbili za mita 2.5, moja Apache Point nchini Marekani na nyingine Las Campanas nchini Chile; na kwa kuwa spektra zake (mwanga wa nyota uliotawanywa kwa rangi zake) ni za mwanga wa infraredi, hupenya vumbi la Njia Nyeupe ambalo huzuia mwanga wa kawaida.

Uwezo wake hudhihirika hasa katika mafungunyota ya tufe, yaani yale makongwe yenye umbo la mpira. Ukilinganisha alumini na magnesiamu katika nyota za M13, mojawapo ya hayo, utaona kwamba baadhi zina alumini nyingi na magnesiamu pungufu, ilhali kiasi cha chuma karibu hakibadiliki. Kwa hiyo nyota hizo hazikuzaliwa zote katika gesi ya aina moja. Chanzo cha tofauti hiyo bado kinabishaniwa.

Kasoro zipo. Sodiamu hupimwa kwa mistari hafifu ya spektra, na bariamu na yuropiamu hazimo. Anayezihitaji aende kwenye data za GALAH, mradi mwingine wa kupima kemia ya nyota, zinazotoka Siding Spring, Australia. Alama za tahadhari zilizo kando ya kila kipimo zisomwe kabla ya kuchora chochote, jambo ambalo wengi hulipuuza. Kaboni na nitrojeni za majitu mekundu (nyota zilizozeeka na kuvimba) pia zisichukuliwe kuwa ushahidi wa asili, kwa maana mada kutoka ndani ya nyota imekwisha kupanda juu na kuzibadilisha. Hata katika M67, fungunyota lenye umri wa takriban miaka bilioni 4, elementi nzito huzama polepole chini ya uso wa nyota ambazo hazijawa majitu, hivyo nyota ndugu huonekana tofauti zisipolinganishwa katika hatua moja ya maisha.

Matumaini makubwa yalikuwa kuwatambua kwa kemia peke yake ndugu waliotawanyika baada ya fungunyota lao kusambaratika. Kwa kazi hiyo siipendekezi huduma hii ikitumiwa bila nyingine: nyota nyingi zisizo na undugu hufanana kikemia kiasi kwamba usahihi wa vipimo hautoshi kuzitenganisha. Iunganishwe na mienendo ya nyota iliyopimwa na chombo cha anga cha Gaia.