Uzoefu wangu na minara ya vipande 51 vya sehemu, desimali na asilimia

Nafundisha hisabati darasa la tano na la sita hapa Mbeya, na zana ninayoizungumzia ni ile seti ya plastiki ya vipande vinavyopachikana kama mnara. Kipande kirefu kimoja ndicho kizima. Vilivyobaki ni nusu 2, theluthi 3, robo 4, kisha vya 1/5, 1/6, 1/8, 1/10 na 1/12; pamoja na kizima, jumla ni 51. Kila kipande kimechapwa pande tatu: huku 1/4, huku 0.25, huku 25%. Ukikigeuza, urefu ni uleule. Hicho ndicho seti hii inachokifundisha vizuri kuliko ubao na chaki: kwamba majina ni matatu, kiasi ni kimoja.

Mtoto anayedai 0.125 ni kubwa kuliko 0.5 kwa kuwa ina tarakimu nyingi, mpe kipande cha 1/8 na cha nusu avisimamishe mezani. Ubishi unaisha. Anayeandika 1/4 kuwa 1.4, mwekee kizima na robo, umuulize mnara wa 1.4 ungezidi kizima au ungepungua. Atajisahihisha mwenyewe.

Kasoro kubwa ni kwamba jibu limeshachapwa. Ukiwaachia wageuze wapendavyo, watasoma tu, na siku ya mtihani vipande havipo. Mimi hufunika upande wa desimali na wa asilimia kwa tepu ya karatasi kabla ya kugawa. Chukua 3/8. Wanapachika vipande vitatu vya 1/8, halafu wanagawanya kwenye daftari: 3 kwa 8 haiendi, andika 0 na nukta, 30 kwa 8 ni 3, baki 6, 60 kwa 8 ni 7, baki 4, 40 kwa 8 ni 5, hakuna baki. Ni 0.375, sawa na 37.5%. Hapo ndipo wanabandua tepu na kujumlisha 0.125 mara tatu kuhakiki. Kosa la kawaida katika hesabu hii ni kugawanya 8 kwa 3 kwa kuwa wamezoea kubwa igawanywe kwa ndogo. Mnara unalifichua mara moja: 2.66 haiwezi kuwa fupi kuliko kizima.

Kurudi nyuma ni kugumu zaidi. 0.375 ina tarakimu tatu baada ya nukta, kwa hiyo ni 375/1000. Usiwalazimishe kuona 125 papo hapo. Wagawanye juu na chini kwa 5, tena kwa 5, tena kwa 5: 75/200, 15/40, 3/8. Kwa 12.5% wengi hukwama wakishaandika 12.5/100. Zidisha juu na chini kwa 10 ipatikane 125/1000, kisha endelea vilevile.

Kosa lingine sugu ni 0.4 kuwa 4%. Dawa yake ni kuandika 0.40 kwanza, ndipo usome 40 ya mia. Hapa mizani ya kidijitali ya bucha inasaidia kuliko seti yenyewe: mtoto aliyetumwa nyama robo tatu ameshaona 0.750, na anajua ni nyama ileile ya kilo 0.75. Sifuri ya mwisho haikuongeza kitu.

Theluthi zinahitaji tahadhari. Kipande cha 1/3 kimeandikwa 0.333 na cha 1/6 kimeandikwa 0.167. Mtoto makini atajumlisha theluthi tatu apate 0.999, na vipande sita vya 1/6 apate 1.002, ilhali minara yote miwili iko sawa na kizima. Usimkatishe. Mwambie namba hizo zimekadiriwa, umwoneshe 1 kwa 3 kwa kugawanya: baki ni 1 kila mara, haiishi. Jibu kamili ni asilimia 33 na 1/3. Kanuni yenyewe ni rahisi: ukisharahisisha sehemu, asili (namba ya chini) isiyo na kigawo tasa kingine zaidi ya 2 na 5 hutoa desimali inayoisha. Ndiyo maana 8 na 20 zinaisha, 6 na 12 haziishi. Kwa hiyo anza na asili za 10 na 2, kisha 4, 5 na 8. Za 3, 6 na 12 ziache mwisho.

Seti haina kipande cha 1/100. 0.35 unaweza kuijenga kwa robo moja na 1/10 moja, lakini 0.07 haijengeki, na watoto huichanganya na 0.7 kila siku. Pigia manila mraba wa vyumba 10 kwa 10 wapake rangi: 0.7 ni safu saba nzima, 0.07 ni vyumba saba tu. Asilimia 18 ya VAT inayoonekana kwenye risiti ni vyumba 18, na kwa shilingi 5,000 ni shilingi 900. Bila karatasi hiyo, nisingeshauri mtu anunue minara peke yake.

Seti moja inatosha watoto wanne au watano. Kwa darasa lililojaa, kata vipande vya manila kwa rula: kizima sentimita 24 hugawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila usumbufu, kwa 5 ni sentimita 4.8 na kwa 10 ni 2.4.

Kwenye seti yangu nukta imechapwa ndogo mno, na nimeikoleza kwa maka pen. Vipande vya 1/12 hupotea kwanza. Ukienda kununua, pachika vyote kumi na viwili hapohapo dukani uvilinganishe na kizima. Vikizidi au vikipungua, omba seti nyingine.